Pembe ya Baba na Gari Lisilo na Honi

Leo nitaisimulia mwenyewe, kwa sababu nimechoka kuisikia kwa vinywa vya watu ambao siku ile hata hawakuwapo. Aibu niliipata, sikatai, niliipata mchana kweupe, siku ya gulio, mbele ya Wapare na Wamaasai na watu wa stesheni na mke wangu wa ndoa, nikiwa nimevaa suti yangu ya harusi, na mpaka leo nikishuka Makanya hakosi mtu mmoja wa kukunja kiganja mdomoni akapuliza puuu, puuu, puuu, kisha akatazama kando kama si yeye. Wapulize tu. Mimi siombi radhi kwa mtu, nilikwisha kuadhibiwa na adhabu nikaimaliza. (Mke wangu hapo anaguna, msimjali, naye alikuwamo.)

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya mambo ya kodi ya mbiru, wale watu wa milimani walipoteremka kwa maelfu kwenda kukaa Same kumwambia Bwana Shauri kwamba kodi yake hawaielewi na hawaitaki. Mimi nilikuwa nimetoka vitani, ambako nilijifunza mambo mawili, kuendesha gari na kula nyama ya kopo, na kati ya hayo mawili ni moja tu lililonifaa huku kwetu. Nikapata udereva kwenye shamba la mkonge huko tambarare, na mzungu wa shamba lile alipofunga mizigo kurudi kwao akaniuzia gari lake la bodi ya mbao, gari ambalo lilikuwa limezeeka vizuri sana mikononi mwake kabla halijaanza kuzeeka mikononi mwangu. Lilikuwa gari la kwanza kumilikiwa na mtu wa kijiji chetu, na kijiji chetu, kwa msiokijua, kiko juu kabisa ya Makanya, unapanda mpaka magoti yanakulaani.

Sasa msidhani nililinunua kwa majivuno. Majivuno yalikuwapo, kidogo, mtu asijisingizie utakatifu. Lakini sababu ilikuwa baba. Baba yangu alikuwa mpiga pembe wa kijiji. Kwetu kukiwa na msaragambo, yaani ile kazi ya wote, kuzibua mfereji, kutengeneza njia, kumjengea mjane nyumba, watu hawaitwi kwa barua, hupigwa pembe ya tandala, na pembe hiyo ilitundikwa ukutani nyumbani kwetu tangu enzi za babu. Ikipigwa mara moja ni tangazo, tega sikio. Ikipigwa mara tatu, ndefu, ni dharura, acha ulichoshika, chukua jembe, fuata sauti, na asiyetokea hulipa faini na kusemwa mwaka mzima. Baba alipougua tumbo mimi nilikuwa mbali vitani, basi mchili wetu, Mzee Kanangira, ndiye mkuu wa kitongoji, akaipiga pembe mwenyewe mara tatu, watu wakaja wote kama desturi inavyotaka, wakambeba baba kwa machela wakipokezana kumpeleka hospitali. Alikata roho kwenye kona ya tatu chini ya kanisa, akiwa mabegani mwao. Hawakukosea kitu wale watu, walikwenda upesi kadiri miguu inavyokwenda. Niliporudi nikaonyeshwa ile kona, nikakaa pale juu ya jiwe nikalia kama mtoto, na nilipomaliza kulia nikasema, huku juu litafika gari, hata kama itabidi liwe langu.

Na likafika, na likafanya kazi. Lilibeba kahawa, lilibeba ndizi, lilibeba bati za kanisa, lilibeba wagonjwa saba ninaowakumbuka kwa majina, na Mama Namcheja alijifungulia humo humo ndani, juu ya gunia la maharage, mtoto wa kiume mwenye sauti kubwa. Lakini gari ni kama ng'ombe, huwezi kumkamua miaka yote ukategemea meno yatabaki. Ikafika mahali rejeta naiziba kwa sabuni ya mche, tairi la nyuma nimelijaza majani, springi ya kushoto imevunjika nimeifunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, na breki ilikuwa inashika ukiikanyaga mara tatu, mara mbili kwa mguu na ya tatu kwa sala. Honi ndiyo ilikufa kabisa. Ukiibonyeza ilikuwa inatoa harufu tu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza nyumbani. Mke wangu, Mama Elinami, alitaka liuzwe, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi nyumba ya bati tangu mwaka tuliooana na kila mvua ikinyesha alikuwa anatandaza sufuria sakafuni bila kusema neno, na mwanamke asiyesema neno ndiye mwenye maneno. Mjomba wangu Togolai (mama yangu ni wa ukoo wa wahunzi) alitaka livunjwe, kwa sababu springi za gari zinatoa majembe na mapanga yasiyo na mfano, na kila alipokuja kwetu alikuwa anapitia kwanza uvunguni mwa gari akaligonga kwa kidole, kisha ndiyo anakuja kusalimia watu. Mimi nilitaka litengenezwe. Kwa nini? Ukimwuliza dereva swali hilo anakutajia plagi na kabureta, na mimi niliwatajia plagi na kabureta, ila ukweli ni kwamba kila nilipopita ile kona ya tatu nikiwa na mgonjwa anayepumua nyuma yangu, moyo wangu ulikuwa unatulia. Hilo sikuwaambia.

Kikao kikakaliwa nyumbani, mchili Kanangira akiwa katikati, na baada ya kubishana mpaka kande zikapoa, mimi kwa hasira zangu (nina hasira, nilirithi kwa bibi mzaa baba) nikasimama nikaapa. "Bwana Salehe wa Same, mwenye mashine ya kusaga, anakuja gulio la Makanya," nikasema. "Nitalipeleka. Akilinunua, Mama Elinami anaezeka bati. Asipolinunua, Mjomba alivunje siku hiyohiyo, na mimi sitafungua mdomo." Mchili akauliza, "Umeapa?" Nikasema nimeapa. Mjomba akatoa ugoro akanusa kwa furaha. Mimi usiku mzima sikulala.

Siku ya gulio ilipofika nikavaa suti ya harusi, maana mtu hauzi gari akiwa na kaptula, na Mama Elinami akaketi mbele kando yangu kuhakikisha kwamba gari linauzwa kweli, na Mjomba akapanda nyuma na nyundo yake pamoja na kigogo cha kuzuia gurudumu, kuhakikisha kwamba lisipouzwa linavunjwa kweli. Nimepanda na wazishi wawili wa maiti yangu, ndivyo nilivyojiona. Kisha nikakumbuka honi. Ile njia ya kushuka, siku ya gulio, imejaa kina mama wenye mikungu ya ndizi kichwani, na kona zetu hata mbuzi hupita akiwa amekaza masikio, na breki zangu mmeshasikia habari zake. Bila kitu cha kulia ningeua mtu. Nikageuka nikaona pembe ya baba ukutani.

Hapo ndipo pa kunilaumu, nami napataja waziwazi. Niliitungua pembe. Mke wangu akaniuliza, "Hiyo ya nini?" Nikamwambia ya kuwaonya watu njiani. Akasema, "Baba Elinami, hiyo si kitu cha kuchezea." Nikamjibu kwa ujuaji wangu wote kwamba mpiga pembe halali wa kijiji ni mimi, niliirithi kwa baba, na kwamba nitapiga mara moja moja tu, na mara moja haimwiti mtu. Akanyamaza. (Niliwaambia habari za mwanamke asiyesema neno.)

Tukaondoka. Na kwa sababu petroli ilikuwa kidogo na njia yote ni mteremko, nilipovuka kanisa nikazima injini, nikaliacha gari liteleze lenyewe. Kwa hiyo elewa vizuri, gari halikuwa na mlio wowote, mlima mzima umetulia, jua limetoka, na chini ya kanisa kuna kona tatu zinazofuatana. Kona ya kwanza, nikashika usukani kwa mkono mmoja, pembe kwa mkono wa pili, nikapiga mara moja, ndefu. Kina mama wakaruka kando, vizuri. Kona ya pili, mara moja, ndefu. Kona ya tatu, ile ya baba, nikapiga mara moja, na hapo nilivuta pumzi zaidi kwa heshima yake, ikalia mpaka upande wa pili wa bonde. Mimi nilihesabu moja, moja na moja. Mlima ulihesabu tatu.

Sikujua. Ninawaapia sikujua. Niliposhuka zaidi nikaanza kuona watu wanachomoka migombani, huyu na jembe, yule na panga, mwingine anafunga shuka huku anakimbia, wote wanatufuata kwa njia za mkato, wakipunga mikono, na mimi nikasema moyoni, kumbe kijiji kinalipenda gari hili, kumbe wamekuja kuliaga. Machozi yakanilenga. Nikawapungia mkono. Nikaona haitoshi, nikawapigia na pembe, mara tatu, kwa shukrani, nikasahau kabisa tatu maana yake nini.

"Mbona wana majembe?" mke wangu akauliza.

"Wametoka mashambani," nikamjibu, na niliona nimejibu vizuri.

Tukaingia gulioni tukiwa mbele na watu wetu bado nyuma huko mteremkoni, breki ikakataa mara ya kwanza, ikakataa mara ya pili, na sala nilikuwa nimezimaliza njiani, basi gari likapita katikati ya wauza chumvi, likawatawanya mbuzi wa Wamaasai, na likasimama pua ndani ya rundo la mikungu ya ndizi, kwa upole kabisa, halikumgusa mtu. Mjomba akaruka akaweka kigogo chake kwenye gurudumu lililokwisha kusimama. Na pale mbele, ametoka kushuka kwenye treni, kanzu nyeupe, mwavuli mkononi, alikuwa Bwana Salehe.

"Ndilo hili?" akauliza.

Nikasema ndilo. Akalizunguka. Aliangalia tairi akaona majani yanachungulia, aliangalia ngozi ya ng'ombe kwenye springi akapiga hatua nyuma kwa sababu ya harufu, kisha akasema kwa adabu, "Liwashe tulisikie." Nikachukua hendeli. Nikazungusha. Nikazungusha tena. Watu wa gulio wakaacha biashara wakaja kutazama, maana hakuna kitu kinachokusanya watu kama mtu mwenye suti anayetoka jasho. Nikazungusha mpaka koti likapasuka kwapani, mlio wa kupasuka kwake ndio mlio pekee uliosikika. Mjomba alikuwa amekwisha kulala chali uvunguni, anagonga springi moja moja, na sauti yake ikatoka huko chini, "Mpwa wangu, usijichoshe, huyu amekwisha kufa."

Ndipo walipofika. Mimi sikuwahesabu, lakini walijaa kuanzia stesheni mpaka kwenye mikokoteni ya chumvi, wanaume na wanawake, majembe begani, vumbi hadi nyusi, wanahema. Karani wa soko alipoona watu wa mlimani wamejaa na mapanga namna ile akadhani mbiru imerudi, akafunga kitabu chake, akakimbilia stesheni kuomba Same ipelekewe simu. Katikati ya watu akapita mchili Kanangira, mzee wa watu, fimbo mkononi, miguu yote miwili ina matope ya mfereji.

"Zefania," akaniita.

"Naam, mchili. Shikamoo."

"Marahaba. Kazi iko wapi?"

Nikamtazama. Nikatazama jembe lake. Nikatazama pembe iliyokuwa mapajani mwa mke wangu, na mke wangu alikuwa ananitazama mimi, na pale ndipo damu yote ilipohamia masikioni. Nyuma mtu akasema ameacha mfereji wazi maji yanakwenda bure. Mwingine akasema ameacha nusu ya nyumba haijaezekwa. Mama Namcheja, huyu wa gunia la maharage, akasema, "Mimi nimeacha kande motoni na mtoto kwa jirani, nimekimbia nikijua kuna nyumba imeanguka. Nani ameangukiwa?"

Sasa mtu mwenye busara angepiga magoti. Mimi nikasema, "Nilipiga mara moja kila kona. Kona ziko tatu. Mimi sikuzichonga hizo kona."

Gulio zima likaangua kicheko. Wauza chumvi walicheka, watu wa stesheni walicheka, wale Wamaasai ambao bado walikuwa wanawakusanya mbuzi wao waliuliza kimesemwa nini, wakatafsiriwa, wakacheka peke yao kwa zamu yao. Mjomba akatoa kichwa uvunguni akasema ili asikike vizuri, "Na kule chini aliwapigia tena tatu, kwa kuwashukuru." Mjomba wangu wa damu.

Mchili hakucheka. "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo," akasema. "Yako haina jambo. Hili litazungumzwa. Kwanza maliza la gari, uliapa mbele yangu."

Bwana Salehe, ambaye kwa kweli ni mtu mzuri, sina neno naye, akakohoa akasema, "Gari kama gari silinunui. Lakini injini, ikifanyiwa kazi, inaweza kuzungusha mashine yangu ya kusaga. Nitachukua injini, mzee wako achukue chuma chake, mbao mama akapikie. Kila mtu atapata sehemu yake." Mjomba akasema springi zote nne ni zake. Bwana Salehe akasema sawa, ila magurudumu aachiwe. Mjomba akasema magurudumu mawili. Nao wakaendelea hivyo, kila mmoja upande wake wa gari, wanaligawana mbele ya macho yangu huku mimi nimesimama katikati nimeshika hendeli, nikasikia uchungu kabisa, uchungu wa mtu anayesikia ndugu yake anagawanywa angali mzima.

"Haliuzwi," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia.

"Na halivunjwi. Mjomba, toka uvunguni."

Mama Elinami akashuka kwenye gari, akanisogelea, akasema polepole, "Baba Elinami, uliapa."

"Niliapa."

"Na bati?"

"Bati nitakuezekea. Lakini si kwa gari hili." Na nikasema kwa sauti ili watu wote wasikie, maana aibu ikishafika shingoni hakuna haja ya kunyanyua suruali, nikasema, "Acheke anayetaka. Mnicheke mimi, gari mliache."

Mchili akachora mavumbi kwa fimbo. Kisha akawageukia watu. "Watu wameitwa kazi," akasema. "Aliyeitwa kwa pembe harudi na jembe safi, hiyo ni mikosi. Kamba zipo? Lifungeni. Linarudi juu. Mama Elinami ashike usukani. Huyu mwenye suti asukume, mbele ya wote, mahali tunapomwona."

Basi likafungwa kamba. Mke wangu hakuwahi kushika usukani maishani mwake, nikamwonyesha kulia na kushoto, akaniambia anajua kulia na kushoto. Na hivyo ndivyo tulivyoondoka Makanya, watu wanavuta kwa nyimbo za kazi, Mjomba anakimbiza kigogo chake nyuma ya gurudumu kila tulipopumzika (kazi aliyoifanya kwa uaminifu, ingawa kwa kununa), na mimi nimeinama nyuma ya gari, koti limepasuka mpaka kiunoni, nasukuma. Watoto wa gulio walitusindikiza mpaka mwisho wa tambarare wakipuliza viganja. Jua la Makanya nalo hamlijui. Palipokuwa na makorongo mchili aliwaweka wenye majembe wayafukie, na kusema haki, ile njia haijapata kutengenezwa vizuri kama siku ile.

Alasiri tukafika kona ya tatu, na mchili akainua fimbo. Watu wakakaa kando ya njia. Akakaa yeye juu ya lile jiwe langu, sijui kama alijua ni langu.

"Zefania mwanangu," akasema, "una makosa mawili. Umepiga pembe ya wote kwa kazi yako, na umekula kiapo ukakitapika. Kwa la kwanza utawalisha hawa watu, kande na pombe ya miwa, dengelua, leo. Kwa la pili sitaki mbuzi. Mtu aliyeshindwa kulinda neno lake halindi vitu viwili vikubwa. Una gari, na una pembe ya baba yako. Acha kimoja hapa."

Pale hata waliokuwa wanacheka waliacha. Kila mtu alijua nitajibu nini. Hakuna Mpare wa kutoa pembe ya baba yake akabaki na mabati yenye harufu ya ngozi, ukoo mzima utamtema. Mjomba alikuwa amekwisha kuinua nyundo. Mke wangu alikuwa bado kwenye usukani, pembe mapajani, vidole vyake vimeishika kwa nguvu.

"Mpe pembe," nikamwambia.

Kuna mama mmoja akapiga yowe dogo la msiba. Mchili akauliza, "Una hakika?"

"Mchili," nikasema, "siku ya baba pembe hii uliipiga wewe kwa kinywa chako. Ililia vizuri. Watu walikuja wote, hakuna aliyebaki nyumbani. Na hapa ulipokaa ndipo walipomfikisha."

Nusu ya waliokuwa pale walikuwa wameishika ile machela. Mama Elinami akashuka, akaipangusa pembe kwa kanga yake, akampa mchili kwa mikono miwili. Mchili akaipokea, akaiweka chini ya kwapa, akainuka. "Haya," akasema, "sukumeni. Kande zinangoja." Na nilipokwenda nyuma kuinama mahali pangu nikamkuta Mama Namcheja ameshafika, ameweka jembe lake ndani ya gari na mikono yake kwenye bodi, na Mjomba kando yake.

Watu wale walikula sufuria nne. Mama Elinami alipika bila kusema neno, nikajua nimekwisha, lakini walipoondoka akaja akakaa karibu yangu akasema, "Kesho utanifundisha na gia." Basi, hakusema la bati mpaka mvua zilizofuata. (Na bati nilimwezekea, nimechelewa lakini nilimwezekea, muulizeni.) Mjomba alikuja baada ya siku tatu na nyundo na moto wake, nikadhani anakuja kuiba, kumbe amekuja kuifua ile springi iliyovunjika, akaifua mpaka ikashikana, na kipande kilichobaki akanifulia jembe. Bwana Salehe naye akanitumia mzigo kwa treni, nikaufungua mbele ya watu, ilikuwa honi ya mpira ya kuminya kwa mkono, na barua fupi isemayo hii haiiti watu. Stesheni nzima ilikuwa imekwisha kuisoma kabla yangu.

Mwaka uliofuata mchili Kanangira aliugua kifua. Pembe ikalia mara tatu, akiipiga kijana wa ukoo mwingine ambaye mpaka leo anaipiga kama mbuzi aliyekanyagwa, na watu walipokuja na machela walinikuta nimekwisha kuwasha gari, maana injini nilikuwa nimeifufua, Mama Elinami ameshika usukani, mimi nyuma nimempakata mzee. Tukapita kona ya tatu akiwa anahesabu mashimo na kulalamika. Hospitali tukafika, akatibiwa, akarudi, akaishi akaona wajukuu. Na mnadhani alinirudishia pembe? Hakunirudishia. Hukumu ni hukumu, alisema, na chai yangu akanywa.

Kwa hiyo funzo mnalolitaka ni hilo, usipige pembe ya watu kwa kazi yako, hata kama ni mara moja moja, kwa sababu mlima unajumlisha. Mimi sijaigusa pembe tena na sitaigusa. Asubuhi ikilia vibaya kule juu huwa inaniuma, nachukua jembe langu la springi na kuwa wa kwanza kufika kazini, watu wananicheka, nami nawaacha. Lakini gari sikuliuza. Na nikifika kona ya tatu hupiga ile honi ya mpira mara moja, hata kama njiani hakuna mtu.